Mguu wa Rugaibula

Njumu ilikuwa moja tu, ya mguu wa kushoto. Wauguzi walikuwa wameichana kwa mkasi kutoka kwenye kamba hadi karibu na kisigino. Mama Kokugonza aliitoa kwenye kikapu chake, akaiweka juu ya meza ya Mkaguzi Sumaiya Najibu, kisha akakaa bila kukaribishwa. Alikuwa ametoka Nshamba alfajiri, na viatu vyake bado vilikuwa na udongo mwekundu wa shambani.

"Hii ni ya mwanangu Rugaibula," alisema. "Alikuwa akichezea Chuo cha Rubalama. Sasa yuko hospitali na hana mguu. Chuo kimeandika kwamba alianguka na bodaboda Nshamba, akiwa amekuja kunisalimia. Afande, mwanangu hakuja Nshamba. Akija nyumbani ni mimi ninayempikia. Ningejua."

"Umeshawaambia chuoni?"

"Nilikwenda. Mkuu wa Chuo alinipa soda. Akaniambia nimshukuru Mungu mtoto yuko hai." Akaisogeza njumu karibu na Sumaiya. "Soda sikuinywa."

Sumaiya aliigeuza njumu. Kati ya meno yake mchanga ulikuwa umegandamana, mweupe na laini. Akatoa kalamu, akachokoa. Pamoja na mchanga vikatoka vipande vidogo vinavyong'aa kama karatasi ya sigara. Alivinusa, akampa Koplo Rutaihwa aliyekuwa amesimama nyuma yake.

"Magamba ya dagaa," Rutaihwa alisema.

"Nshamba wanaanika dagaa?"

"Nshamba tunaanika kahawa, afande. Mchanga kama huu ni wa visiwani. Na nani anapanda bodaboda kwenda kumsalimia mama yake akiwa amevaa njumu?"

Sumaiya aliifunga njumu kwenye mfuko wa vielelezo. Alikuwa amezaliwa Bukoba na kukulia Bukoba, na Chuo cha Rubalama alikifahamu kama kila mtu mjini alivyokifahamu: vikombe vya shaba kwenye kabati la vioo, mabango makubwa Ijuganyondo, na redio ikisema kila mwaka kwamba chuo hicho ni mfano wa michezo kanda nzima ya ziwa.

"Mama," aliuliza, "ada ya michezo ulilipa?"

"Nililipa. Na ya bima pia, maana ziko pamoja, huwezi kulipa moja ukaacha nyingine. Niliuza kahawa ikiwa bado maua mtini."

Rutaihwa aliinamisha kichwa. Kuuza kahawa ikiwa maua ni butura, na kila mkulima wa Muleba anajua kwamba anayeuza hivyo anauza kwa machozi, tena kinyume cha sheria. Mama Kokugonza alikuwa amelisema hilo mbele ya polisi wawili bila kupepesa macho.

*

Rugaibula alikuwa kijana mrefu, na kitanda cha wodi ya majeruhi hakikumtosha. Shuka ilikuwa imelala bapa pale ambapo mguu wa kushoto ungekuwepo, kuanzia juu ya goti.

"Nilianguka na bodaboda," alisema kabla hajaulizwa.

"Dereva ni nani?"

"Alikimbia."

"Ulianguka ukiwa umevaa njumu?"

"Ndiyo. Nilitoka mazoezini."

"Mazoezi ya wapi?"

Kijana aligeukia ukutani. Sumaiya alimwomba Mama Kokugonza akatafute maji ya moto ya chai, akasubiri hadi mlango ulipofungwa.

"Rugaibula, njumu yako ina magamba ya dagaa. Najua ulikuwa kisiwani. Sijui kisiwa gani, lakini nikiuliza kwenye mialo ya boti nitajua leo hii. Ningependa nikusikie wewe kwanza."

"Nikisema nafukuzwa, afande. Nimebakiza mwaka mmoja."

"Nani amekuambia hivyo?"

"Mwalimu Hussein. Wa michezo." Akaonesha pembeni ya kitanda. "Alikuja hapa hapa. Alisimama hapo uliposimama wewe. Akasema bima haiwezi kulipa kwa mechi ambayo haipo, kwa hiyo niseme bodaboda, na chuo kitanisomesha bure mwaka uliobaki. Na nisiposema hivyo, nafasi yangu inakwenda."

Maneno mengine yakatoka yenyewe. Ilikuwa Goziba. Haikuwa mara ya kwanza. Mabosi wa kambi za uvuvi walikuwa na timu zao, na walibetiana fedha nyingi. Timu ya chuo ilikuwa ikikodishwa na bosi mmoja dhidi ya mwingine. Wachezaji waliambiwa ni mechi za kirafiki za kukuza vipaji. Anayekataa kwenda anaondolewa bwenini, kwa kuwa bweni la wanamichezo liko chini ya Mwalimu Hussein. Na alama zake za mazoezi ya darasani hupotea kwa namna ambayo hakuna mwalimu anayeweza kuieleza. Uwanja wenyewe ulikuwa ufukweni, pale pale wanapoanika dagaa. Kipindi cha pili beki mmoja wa timu ya kambi alimrukia kwa miguu miwili. Mfupa ulitokeza nje.

"Halafu?"

"Wenzangu wakapandishwa boti nyingine, wakaondoka. Mimi walinilaza kwenye boti ya Nahodha Hamidi. Nilijua nakuja hospitali. Halafu wakanishusha."

"Nani alikushusha?"

"Nahodha. Alikataa kunibeba. Wakanipeleka kwa mganga wa mifupa pale kisiwani. Akanifunga vijiti na majani, njumu ikaachwa mguuni kwa kuwa ulikuwa umevimba. Nilikaa kwake hadi mguu ukaanza kunuka, ndipo wakanileta." Alimtazama Sumaiya kwa mara ya kwanza. "Daktari hapa amesema ningeletwa siku ile ile, mguu ungepona."

Nje ya wodi, Rutaihwa alikuwa ameshika daftari lake kwa nguvu mpaka jalada limekunjika.

"Tunaanza na nahodha, afande?"

"Tunaanza na nahodha," Sumaiya alisema. "Na uchukue pingu."

*

Walimkuta mwaloni, upande wa Muleba, akiziba ufa wa boti yake kwa pamba na mafuta. Nahodha Hamidi alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya kufuma na mikono iliyochubuka. Walipoamkiana, Sumaiya hakuzunguka.

"Ulimpakia kijana aliyevunjika mguu Goziba, halafu ukamshusha. Kwa sababu gani? Nauli?"

Hamidi aliiacha pamba. "Nauli! Nani amekuambia nauli?"

"Kijana mwenyewe anasema ulikataa kumbeba."

"Mimi?" Alisimama. "Dada yangu, mimi niliwasha injini. Yule mwalimu wao ndiye aliyeniambia nizime, nisubiri kwanza azungumze na simu. Nikamwambia sisubiri simu, mtoto anavuja damu. Nikamwambia kwamba hata akinilipa mara mbili, mimi naondoka. Waulize waliokuwepo."

"Lakini hukuondoka."

Hamidi alitazama maji. "Sikuondoka kwa sababu baba yake alinikataza."

Sumaiya na Rutaihwa walitazamana.

"Baba yake nani?"

"Baba yake mtoto. Mwalimu alipoona namshinda, akapiga simu, akanipa niongee mwenyewe. Mtu akaniamkia kwa Kihaya, kwa heshima kabisa, akaniambia, 'Waitu, mimi ndiye mzazi wake. Huyo ni omwana wangu. Ziwa limechafuka, usimpitishe kwenye mawimbi akiwa na mfupa wazi, atakufia njiani. Mpelekeni kwa mganga wa mifupa, mimi nakuja mwenyewe kumchukua.' Sasa mimi ningefanya nini? Mzazi amesema. Kama ni mwanao, mtu baki atakupinga?"

"Ziwa lilikuwa limechafuka?"

"Lilikuwa limetulia. Nilimwambia hivyo. Akasema, 'Ni mwanangu, mimi ndiye baba.' Nikazima injini."

"Na kijana? Ulimwambia?"

Hamidi alikaa tena, taratibu, kwenye ukingo wa boti.

"Nilimwinamia, nikamwambia baba yako amesema usubiri. Akaniambia hana baba. Alirudia, sina baba, sina baba. Mimi nikadhani ni maumivu yanamsemesha, maana alikuwa kama anaweweseka." Alipangusa uso kwa mkono wenye mafuta. "Kwa nini unaniangalia hivyo, dada?"

Rutaihwa ndiye aliyemjibu, kwa Kihaya, kwa sauti ya chini. Alimwambia, kama Mama Kokugonza alivyokuwa amewaeleza, kwamba baba yake Rugaibula amelala kaburini kwenye migomba ya Nshamba tangu mtoto huyo akiwa wa kubebwa mgongoni.

Hamidi akachukua ile pamba, akaitupa majini.

"Nitakuja mjini kuandikisha," alisema. "Hata sasa hivi. Na hiyo sauti, popote nitakapoisikia, nitaijua."

Pingu zilirudi kwenye mfuko wa Rutaihwa. Njiani kurudi Bukoba, walipopita Kamachumu, Sumaiya aligonga dashibodi kwa ngumi.

"Mtu amekaa mahali pake salama," alisema, "akavaa jina la marehemu ili mtoto wa watu asifike hospitali. Nimefanya kazi hii miaka mingi, Rutaihwa. Nimekamata wezi, nimekamata wauaji. Hili ni jipya."

"Hussein alimpigia nani?"

"Kampuni ya simu itatuambia, lakini kwa mwendo wao. Nataka Hussein atuambie leo."

*

Mwalimu Hussein alikuja kituoni bila kuletwa, amevaa suti ya michezo ya chuo, na alikuwa na jibu tayari. Ndiyo, aliwapeleka vijana Goziba. Ndiyo, alipokea fedha za mabosi. Ndiyo, yeye ndiye aliyeamua kijana abaki. Alikosea, na yuko tayari kuwajibika.

Alizungumza kama mtu anayesoma. Lafudhi yake ilikuwa ya Tanga, laini na ya haraka.

"Uliamua peke yako?"

"Peke yangu."

"Na hela ya bima? Kila mwanafunzi analipa. Nimepiga simu kampuni zote za bima hapa mjini. Hakuna hata moja inayoifahamu timu yenu."

"Nilizitumia mimi."

"Zote? Za wanafunzi wote?"

"Zote."

"Kamati ya michezo ya chuo ina watu gani?"

Hapo alisita. "Mwenyekiti ni Mkuu wa Chuo, Mzee Kamala. Mimi katibu."

"Na wengine?"

"Wengine... haijakutana muda mrefu."

"Hakuna mwanafunzi? Hakuna mzazi? Hakuna mhasibu?"

"Hapana."

Sumaiya alinyanyuka, akazunguka meza, akasimama nyuma ya kiti chake. Kwa Kihaya, kwa sauti ya kawaida kabisa, akamwambia kwamba shati lake limechanika mgongoni na nyuki ameingia. Hussein alibaki ametazama mbele, mikono yake imetulia juu ya meza.

"Una muda gani Bukoba, mwalimu?"

"Mwaka wa pili huu."

"Kihaya hujui."

"Salamu tu."

"Basi nikuulize. Nahodha Hamidi alizungumza na mtu kwenye simu yako. Walizungumza Kihaya. Unajua walisema nini?"

"Alikuwa anamshauri... anamwelekeza tu nahodha kuhusu usalama wa..." Hussein alijishika. Alikuwa ameshasema neno moja zaidi ya alivyopanga.

"Alikuwa nani?"

Hussein alivuta zipu ya suti yake hadi kidevuni.

"Sawa. Nitakwambia mimi alichosema. Alisema yeye ni baba yake Rugaibula. Alimwambia nahodha kwamba yeye ndiye mzazi, na mzazi hataki mtoto asafirishwe. Nahodha alikuwa amewasha injini, mwalimu. Ziwa lilikuwa limetulia. Angefika hospitali siku ile ile na miguu yake yote miwili."

Hussein aligeuka.

"Baba yake? Mbona yule mtoto ni yatima wa baba? Fomu yake nilimjazia mimi."

"Ndiyo. Ni yatima."

"Hakuniambia hivyo. Wallahi hakuniambia hivyo. Aliniambia nahodha amekubali kuwa ni hatari. Aliniambia..." Alifunika uso. "Wageni wa kanda walikuwa chuoni wiki ile, wanakagua kama tunafaa kuandaa mashindano ya vyuo. Akasema majeruhi akipita mjini wageni wakiwepo, mashindano yamekwenda na ruzuku imekwenda. Tumweke huko mpaka waondoke. Nilidhani ni siku mbili tatu. Nilidhani mguu unaweza kungoja."

"Mguu hauwezi kungoja," Sumaiya alisema. "Wewe ni mwalimu wa michezo. Ulijua."

"Nilijua," alisema Hussein, akaanza kulia.

Sumaiya hakumpa kitambaa. Alimsogezea karatasi.

"Mtaje."

"Kamala," alisema. "Ni Mkuu wa Chuo mwenyewe. Na aliniahidi kwamba nikibeba hili peke yangu, atanitafutia wakili na nitarudi kazini kimya kimya. Fedha za bima, za mabosi wa kambi, zote tuligawana. Nipe hiyo kalamu."

*

Mashindano ya vyuo yalikuwa yafunguliwe asubuhi iliyofuata kwenye uwanja wa Rubalama, Ijuganyondo. Mvua ya alfajiri ilikuwa imelowesha nyasi. Mahema yalikuwa yamefungwa, viti vimepangwa, spika zinapiga muziki. Mzee Kamala alikuwa ofisini akipitia hotuba yake wakati Sumaiya, Rutaihwa na Hamidi walipoingia. Hamidi alisimama karibu na mlango, kofia mkononi.

"Afande, leo ni siku ngumu," Kamala alisema akitabasamu. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzito, tamu, ya mtu aliyezoea kipaza sauti. "Kama ni suala la yule kijana wetu, mwalimu husika amekwisha kuwajibika. Na chuo kimeamua kuunda mfuko wa wahanga wa michezo. Tutauzindua leo leo."

"Nani atausimamia?"

"Kamati ya michezo, chini yangu."

Sumaiya alimgeukia Hamidi. Nahodha alikuwa amefumba macho kama mtu anayesikiliza injini.

"Ni yeye," Hamidi alisema. "Dada, ni yeye. Hata akiongea Kiswahili." Akafungua macho, akamwambia Kamala kwa Kihaya, bila kupandisha sauti: "Uliniambia nizime injini. Nikakutii kama ninavyomtii mtu mwenye uchungu wa mwanawe."

Kamala alikunja hotuba yake vipande viwili. Alijaribu kucheka, akaacha.

"Tuelewane," alisema hatimaye. "Kijana akiingia lango hili, mzazi wake ni nani? Mimi ndiye ninayemlaza, ninayemlisha, ninayemlinda. Hapa chuoni mimi ndiye baba yao wote. Sikudanganya. Nilifanya uamuzi wa mzazi, kwa faida ya watoto wengi."

"Mguu wa mwanao ulipoanza kunuka, ulikwenda kumwangalia mara ngapi?"

Kamala alianza kuikunjua hotuba yake.

"Hospitali iko mwendo mfupi kutoka hapa. Mama yake amelala chini ya kitanda usiku kucha. Ulimpa soda." Sumaiya aliweka mikono nyuma ya mgongo. "Baba wa watoto angeuza hata suti hiyo. Wewe uliwauza watoto, Mzee Kamala. Simama. Uko chini ya ulinzi kwa kusababisha madhara makubwa mwilini na kujifanya mtu mwingine, na tuhuma za bima na ruzuku zitafuata."

"Nisubirini basi nifungue mashindano. Wageni wameshakaa. Kwa heshima ya chuo."

"Hapana," alisema Rutaihwa, na pingu zikalia.

Walipotoka naye nje, muziki ulikuwa umezimwa. Habari za Hussein zilikuwa zimefika bwenini tangu jana jioni, na huko hospitalini Rugaibula alikuwa amewapigia wenzake mwenyewe, akawaambia ukweli mmoja mmoja. Sasa timu zote za Rubalama, mpira wa miguu na pete na wavu, zilikuwa zimeketi kwenye duara la katikati ya uwanja, na jezi zao zimelowa. Wageni kutoka chuo cha Mwanza waliotakiwa kucheza nao walikuwa wamesimama kidogo, wakatazamana, nao wakaketi.

Kapteni wa mpira wa pete, msichana mwembamba aitwaye Dativa, alikuwa amesimama peke yake. Hakuwa na kipaza sauti, ila hakukihitaji.

"Hatuchezi!" alisema. "Hatuchezi mpaka tuoneshwe bima yenye majina yetu. Hatuchezi mpaka kamati iwe na wachezaji na wazazi ndani yake, na hesabu zisomwe hadharani. Tumekuwa tukiinuliwa mabegani tukishinda. Mwenzetu alipoanguka, aliachwa ufukweni kama dagaa!"

Mwenyekiti wa bodi ya chuo, Mzee Bartholomayo, alikuja mbio kutoka hemani huku ameshika tai yake isipeperuke. Alimwona Kamala ndani ya gari la polisi, akageuza macho haraka, akamkabili Sumaiya.

"Afande, wageni wa mkoa wamekaa. Waandishi wapo. Waamuru hawa watoto wainuke."

"Kwa kosa gani?"

"Kugoma! Kuvuruga shughuli!"

"Kukataa kucheza mpira si kosa la jinai, mzee. Bodi yako ilikutana lini kuuliza fedha za michezo zinakwenda wapi?"

Mzee Bartholomayo aliiachia tai yake, ikapeperuka.

"Basi una mahali pa kuanzia," Sumaiya alisema, akapanda gari.

Kupitia dirishani alimwona mwamuzi akiuchukua mpira kutoka katikati ya duara, akaukumbatia kwapani, akatoka nao nje ya mstari. Mwenyekiti alibaki amesimama ukingoni. Alitazama hema, alitazama viatu vyake vilivyong'aa, alitazama nyasi zilizotota maji na vijana walioketi juu yake, wakimtazama yeye sasa bila kupiga kelele. Rutaihwa aliwasha gari lakini Sumaiya akamgusa mkono asubiri.

Mzee Bartholomayo alivuta pumzi, akakunja suruali, akaingia uwanjani.